X-Trail T30 kuzima kwenye foleni: safisha throto bodi, kisha ifundishe upya sailensi

Shemeji yangu anaishi Kibamba, Dar es Salaam, na kazi yake iko Posta. Kila alfajiri X-Trail yake hubeba watoto wawili wa shule, mama yao na mabegi yote. Ni T30 ya mwaka 2004, injini QR20DE ya lita 2.0, gia otomatiki. Mwezi uliopita ilianza kuzima kwenye foleni. Barabara ikiwa nyeupe haina neno, ila akisimama kwenye foleni ya Ubungo mshale wa mzunguko unashuka hadi karibu 400, gari linatetemeka, na AC ikijiwasha tu, injini inakata.

Gereji moja ikamsafishia throto bodi, yaani mlango unaopitisha hewa kwenda kwenye injini. Gari likaacha kuzima, lakini sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama na mguu uko nje ya pedali, ikapanda hadi 1,800. Ukiweka D linaruka mbele. Wakamwambia throto bodi imekufa, atafute nyingine ya mtumba kwenye maduka ya spea ya Gerezani. Alinipigia simu akiwa njiani na hela mfukoni. Nikamwambia, "Shemeji, usinunue kitu. Geuza uje nyumbani."

Throto bodi yake ilikuwa nzima. Ninalisema kwa uhakika kwa sababu mimi pia nina T30, na jambo hilihili liliwahi kunila Jumapili nzima. Haya ndiyo tuliyofanya.

Kwanza hakikisha ugonjwa ni huu

QR20DE ina ugonjwa mwingine maarufu: sensa ya krenki na sensa ya kamshafti. Zikichoka, gari huzima ghafla hata likiwa kwenye mwendo, mara nyingi injini ikishapata moto, halafu linagoma kuwaka mpaka lipoe. Kama lako liko hivyo, mwongozo huu haukuhusu. Badilisha sensa, na usinunue zile za bei ya kutupa. Mimi nanunua za Hitachi au za Nissan wenyewe, basi.

Ugonjwa tunaoushughulikia hapa ni wa gari linalotetemeka na kuzima likisimama, kisha ukipiga stata linawaka palepale.

Hatua ya 1: Chujio la hewa

Toa, tazama, badilisha kama limejaa vumbi. Tumia la karatasi. Yale ya kupakwa mafuta, ambayo vijana wanapenda kwa ajili ya mlio, yanaweza kurusha mafuta kwenye sensa ya hewa iliyo mbele yake, na hapo umejinunulia tatizo jipya.

Hatua ya 2: Sensa ya hewa

Iko kwenye boksi la chujio, pale mpira mkubwa wa hewa unapoanzia. Swichi ya ufunguo ikiwa imezimwa, chomoa soketi yake, fungua skrubu mbili, itoe taratibu. Ipulizie dawa maalumu ya kusafishia sensa ya hewa, mara nane au kumi, iache ikauke yenyewe kwa dakika kumi na tano. Usiiguse kwa kidole wala kwa kitambaa, usiipulize kwa upepo wa kompresa, na usiisafishe kwa petroli. Dawa ya kabureta nayo usiisogeze hapa.

Irudishe na uchomeke soketi yake kabla ya kwenda hatua ya tatu. Huko tutawasha swichi, na swichi ikiwashwa sensa ikiwa imechomolewa, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, itaandika kosa na kuwasha taa ya injini.

Hatua ya 3: Throto bodi

Injini iwe baridi. Legeza klipu mbili za mpira mkubwa wa hewa, uvute. Utaona mdomo wa throto na kisahani chake. Cha shemeji kilikuwa kimeshasafishwa usoni tu. Ukingo wa nyuma bado ulikuwa na masizi meusi, mazito kama lami.

Watu wengi hufungua boliti nne na kuitoa yote. Mimi siitoi. Ina mipira miwili ya maji ya rejeta, ukiichomoa maji yanamwagika, na gasketi nayo itataka kubadilishwa. Kazi inafanyika ikiwa palepale.

Utahitaji msaidizi. Awashe swichi hadi taa za dashibodi ziwake, asipige stata, kisha akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho na kushikilia. Kisahani kitafunguka. Funga kitambaa cha pamba kwenye kijiti cha mbao, kiloweshe dawa ya kusafishia throto, futa ukingo wa kisahani na ukuta wa ndani unaozunguka. Usiingize kidole. Kisahani hiki kinaendeshwa na mota ya umeme, na msaidizi akichoka mguu kitafunga kwa nguvu. Mke wangu ndiye alikuwa kwenye pedali, na kazi yake ilikuwa hiyo tu, bila simu mkononi.

Usipulizie dawa moja kwa moja ndani ukijaza. Inapenya kwenye mhimili na kuelekea kwenye mota. Usitumie msasa wala brashi ya waya, na usikisukume kisahani kwa mkono kwa nguvu, maana ndani kuna gia ndogo za plastiki. Badilisha kitambaa hadi kitoke kisafi.

Hatua ya 4: Rudisha mpira wa hewa

Kaza klipu zote mbili. Pinda mpira kwa vidole utafute nyufa, hasa kwenye mikunjo ya chini ambako macho hayafiki. Hewa yoyote inayoingia baada ya sensa haijapimwa, na kwa hewa hiyo hatua inayofuata haitakubali kamwe.

Washa gari. Kama sailensi imepanda hadi 1,500 au zaidi, usiogope. Hujaharibu kitu.

Hatua ya 5: Kuifundisha upya

Hapa ndipo throto bodi nzima zinapotupwa.

Throto ya T30 haina waya unaotoka kwenye pedali. Pedali inatuma taarifa, kontroli boksi inaamua kisahani kifunguke kiasi gani. Uchafu unapojikusanya mwaka baada ya mwaka, njia ya hewa inazidi kuwa nyembamba, na kontroli boksi inafidia kwa kukifungua kisahani zaidi kidogo ili injini isizime. Inakariri kiasi hicho. Siku ukisafisha, yenyewe haijui. Inafungua kwa kipimo kilekile cha zamani, sasa njia ni pana, hewa inaingia nyingi, mzunguko unapanda. Kinachotakiwa ni kuifanya isahau kipimo cha zamani na kujifunza kipya. Gereji yenye mashine ya Nissan inafanya kwa kubonyeza. Wewe unaweza kufanya kwa swichi na pedali. Vile vifaa vidogo vya Bluetooth vya kuchomeka chini ya usukani mara nyingi havisomi kabisa T30 zilizotoka Japani, kwa hiyo usivitegemee.

Kuna mafunzo matatu, na yanafuatana.

La kwanza ni la pedali. Mguu uwe nje kabisa. Washa swichi, subiri sekunde 2. Zima, subiri sekunde 10. Washa tena, sekunde 2. Zima tena, sekunde 10.

La pili ni la kisahani. Washa swichi, kisha zima, subiri sekunde 10. Katika sekunde hizo tega sikio kwenye injini: utasikia throto ikijisogeza. Usiposikia kitu kabisa, kagua soketi ya throto.

La tatu ndilo la hewa ya sailensi, nalo lina masharti. Ukikosa moja tu, gari halikwambii umekosa nini, linakataa kimyakimya.

Injini iwe imepata moto wa kawaida, nyuzi 70 hadi 95 hivi, na gia nayo iwe imepata moto. Kusubiri likiwa limeegeshwa hakutoshi, zungusha mtaani kama dakika kumi. Kwa kuwa sailensi bado iko juu, shika breki vizuri kabla ya kuweka D, na usiingie barabara kuu.

Betri isome zaidi ya volti 12.9 injini ikiwa inaunguruma. Pima kwa mita. Kama altaneta yako imechoka, anza na hiyo.

Gia iwe P. Usukani uwe umenyooka. AC, feni ya ndani, redio, taa kubwa, kipasha joto cha kioo cha nyuma, vyote vizimwe.

Sasa zima injini, subiri sekunde 10. Washa swichi bila kupiga stata, mguu nje, hesabu sekunde 3. Kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho na kuachia kabisa, mara tano, ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7 mguu ukiwa nje. Kanyaga tena hadi mwisho na ushikilie. Baada ya kama sekunde 10 taa ya injini itaanza kupepesa. Usiachie! Endelea kushikilia hadi iache kupepesa na kuwaka moja kwa moja. Tangu ukanyage ni kama sekunde 20. Ikishawaka hivyo, achia pedali ndani ya sekunde 3 na upige stata palepale. Acha injini iungurume sekunde 20 bila kugusa kitu.

Sasa makosa, maana hayo ndiyo yaliyonichukua Jumapili yangu kutoka saa nne asubuhi hadi magharibi.

Kosa la kuachia mapema. Ukiachia taa inapoanza tu kupepesa, umeingia kwenye sehemu ya kuonyesha kodi za makosa, yaani namba zinazotaja hitilafu, na mipepeso utakayoona ni namba za kodi. Zima, subiri sekunde 10, rudi mwanzo.

Kosa la kuhesabu kichwani. Mtu akiwa na wasiwasi, sekunde zake ni fupi. Weka saa ya simu juu ya dashibodi, au mwachie msaidizi ahesabu kwa sauti. Saa za T30, yaani za spidi na mzunguko, ziko katikati ya dashibodi, kwa hiyo aliyekaa kushoto anaona taa vizuri kama dereva. Mimi napenda hivyo: mmoja mguu, mmoja macho na sauti.

Kosa la taa. Giza lilipoanza kuingia niliwasha taa kubwa nione vizuri, nikasahau. Majaribio manne yakapotea hapo.

Na kosa lililonila saa nyingi kuliko yote: kapeti. Nilikuwa nimeweka kapeti nene la mpira juu ya lile la gari. Nikikanyaga, mguu unahisi umefika mwisho, kumbe pedali imegota kwenye kapeti ikiwa bado na sentimita moja ya safari. Kontroli boksi haioni pedali iliyokanyagwa yote, kwa hiyo haianzi kuhesabu. Taa haikupepesa hata mara moja, na mimi nikawa nasaka waya uliokatika. Nilivitoa vyote viwili, kapeti na kiatu kizito nilichovaa, jaribio lililofuata likakubali. Kwa shemeji nilianza na kapeti. Na hata baada ya kazi usilirudishe kapeti linalogusa pedali. Hilo ni hatari barabarani, achilia mbali sailensi.

Usivunjike moyo ikikataa mara tatu au nne. Ikikataa mara kumi na una hakika na kila sharti, rudi hatua ya nne utafute hewa inayovuja. Pulizia maji ya sabuni kwenye maungio ya mipira midogo nyuma ya throto injini ikiunguruma. Sauti ikibadilika, umepapata.

Hatua ya 6: Kagua

Piga resi mara mbili tatu, acha. Mshale utulie karibu na 700. Washa AC: utikisike kidogo kisha utulie tena. Weka D ukiwa umeshika breki, gari lisiruke.

Ya shemeji ilikubali jaribio la pili, ikatulia kwenye 700 kamili. Alikaa pale kwenye kiti na AC imewashwa, akiangalia mshale usiosogea, kama dakika tano nzima bila kusema kitu. Kisha akaniuliza kama tunaweza kufanya na plagi siku hiyohiyo. Tulifanya, koili nne zimekaa juu ya injini chini ya kifuniko cha plastiki, na kila moja ina boliti moja. Plagi zake zilikuwa zimekula pengo vibaya. Tumeweka za iridiamu.

Ukichomoa betri siku nyingine au ikifa kabisa, sailensi inaweza kuhama tena. Rudia hatua ya tano peke yake, hakuna haja ya kusafisha.