Kabla ya Kujiunga na Kwaya au Kikundi cha Ngoma cha Waukraine mjini Winnipeg: Mambo ya Kuzingatia

Msimu wa kwaya na vikundi vya ngoma vya Waukraine mjini Winnipeg, Kanada, hufuata kalenda ya shule: huanza Septemba na kufungwa Mei au Juni. Anayetaka kujiunga anapaswa kuanza kuulizia mwezi Agosti, na si Januari anapokuwa amechoshwa na baridi na kukaa ndani, kwa kuwa kufikia Januari sauti zimekwisha kupangwa, nyimbo za tamasha la masika zimekwisha kugawiwa, na kila mchezaji anajua anasimama wapi. Wengi wetu tuliofika hapa kutoka Dar es Salaam, Bujumbura au Goma hufanya kosa hilo la kuchelewa, kwa sababu tulikotoka mtu huingia kwaya ya usharika Jumapili yoyote anayojisikia, akapewa kiti, na mambo yakaenda.

Agosti ina faida nyingine pia. Ndio mwezi wa Folklorama, tamasha lililoanza mwaka 1970, ambalo huchukua wiki mbili na huipa kila jamii ukumbi wake wa ngoma, chakula na maonyesho. Tenga jioni moja ukae katika ukumbi wa Waukraine, lakini usikodolee macho wale wanaoruka mbele peke yao. Tazama mstari wa nyuma, tazama umri wa watu, tazama wanavyosaidiana kufungana mikanda kabla ya kupanda jukwaani, maana hao ndio utakaokaa nao jioni nyingi za kipupwe.

Kisha fahamu ukumbi unaouingia ni wa nani. Waukraine walianza kuhamia Kanada mwaka 1891, na hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vinaanza walikuwa wamejaa katika mbuga za magharibi, wengi wao wakiwa wakulima kutoka Galicia na Bukovyna, majimbo yaliyokuwa chini ya Dola ya Austria na Hungaria. Winnipeg ilikuwa lango lao la reli, na mtaa wa North End ukawa makazi yao kwa vizazi kadhaa. Walikuja na makanisa mawili, la Kikatoliki lenye liturujia ya Mashariki na la Kiorthodoksi, na wakaja na siasa zao vilevile: wafanyakazi wa mrengo wa kushoto walijijengea Ukrainian Labour Temple, jengo lililofunguliwa mwaka 1919 na kuvamiwa na polisi mwaka huohuo wakati wa mgomo mkuu wa jiji. Vikundi vingi vya kuimba na kucheza vilizaliwa ndani ya mipaka hiyo ya dini na itikadi. Leo kuta zimeshuka sana na watu hupita huku na huku, ila wazee hawajasahau, na mgeni anayeuliza kwa adabu kikundi kilianzia wapi hujiepusha na maneno ya kuudhi asiyoyakusudia.

Majina makubwa ni machache na yanafaa kujulikana. Kwaya ya O. Koshetz, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1946, imebeba jina la Oleksandr Koshetz, mwongozaji aliyeizungusha kwaya ya taifa la Ukraine Ulaya na Amerika kuanzia mwaka 1919, na aliyefia hapahapa Winnipeg mwaka 1944. Hoosli, iliyoanzishwa mwaka 1969, ni kwaya ya wanaume watupu, hivyo mwanamke asijisumbue kuomba nafasi huko. Rusalka, ya mwaka 1962, ni kikundi cha ngoma cha jukwaani. Mbali na hivyo zipo kwaya za makanisa, shule za ngoma za watoto, na vikundi vidogo vinavyokutana katika kumbi zilizo chini ya makanisa, na kwa maoni yangu hivyo vidogo ndivyo vinavyomfaa zaidi mtu anayeanza.

Damu ya Kiukraine si sharti katika vikundi nilivyovifahamu. Kinachotazamwa ni mahudhurio. Mtu mwenye sauti ya kawaida asiyekosa mazoezi huthaminiwa kuliko mwenye sauti ya dhahabu anayeonekana wiki ya tamasha. Kwa hiyo, kabla ya kutuma maombi, kaa na ratiba ya kazi yako, hasa kama unafanya zamu za hospitali, za ghala au za kutunza wazee, ukahakikishe kwamba jioni ya mazoezi inaweza kuwa huru karibu kila wiki kwa miezi tisa. Kama haiwezekani, ni heri kusubiri mwaka mwingine.

Kwa upande wa kwaya, aliyelelewa katika kwaya za makanisa ya Afrika Mashariki anaingia na mtaji mkubwa na pengo moja. Mtaji ni sikio: amezoea kuimba sauti nne bila kinanda, na uimbaji wa kanisa la Kiorthodoksi kwa mapokeo hauna ala kabisa, ni koo za watu tu, huku besi wakishuka chini kiasi cha kumfanya mgeni adhani kuna mtambo umewashwa mahali fulani. Pengo ni nota. Sisi tumefundishwa kwa solfa, zile herufi za d, r na m zinazoandikwa ubaoni na mwalimu wa kwaya, ilhali hapa utakabidhiwa kijitabu chenye mistari mitano na vichwa vya nota, na hakuna atakayekutafsiria. Nilipopewa cha kwangu mara ya kwanza nilikigeuza juu chini kwa muda, nikajifanya ninatafuta ukurasa.

Pengo hilo linazibika kwa miezi miwili ya kiangazi. Kwenye karatasi zetu huandikwa juu kabisa kwamba doh, ile nota ya kwanza ya solfa, ni F au G; kwenye karatasi zao habari hiyohiyo imewekwa katika alama za kupandisha na kushusha zilizo mwanzoni mwa mstari. Ukishajua kuzisoma alama hizo, unajua doh imekaa wapi, na ukijua doh imekaa wapi, solfa yako yote inarudi kukusaidia. Jifunze pia kuutambua mstari wa sauti yako katikati ya mistari minne iliyopangwa pamoja, kwa kuwa mgeni wa sauti ya tenori aliyeimba mstari wa alto kwa kujiamini husikika ukumbi mzima.

Lugha isikutishe kupita kiasi. Alfabeti ya Kiukraine ina herufi 33, na mtu makini huzimudu kwa wiki mbili au tatu za kuandika kila siku. Kwaya nyingi huwapa wageni maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, lakini maandishi hayo yametungwa kwa ajili ya msomaji wa Kiingereza na yatakupotosha kuliko kukusaidia. Sisi tuna bahati ambayo wenzetu wa Kiingereza hawana: o ya Kiukraine hubaki o popote ilipo, kama yetu, wala haimezwi, sauti ya herufi х ni ileile ya kh katika neno “kheri” kama linavyotamkwa na watu wa pwani, na n laini inakaribiana na ny ya “nyanya”. Taabu yetu ipo mwishoni mwa maneno. Mswahili hapendi neno liishie kwa konsonanti, hivyo mkate, ambao kwao ni “khlib”, hutoka kinywani mwetu ukiwa “khlibu”, na katika wimbo wa taratibu ile u ya ziada huning'inia peke yake baada ya wengine wote kunyamaza. Jizoeze nyumbani kufunga midomo mapema. Ipo pia herufi и, ambayo si i wala si e bali hukaa katikati yake, na hiyo utaipata kwa kusikiliza tu.

Wimbo mmoja utauhitaji bila karatasi tangu usiku wa kwanza, nao ni “Mnohaya lita”, yaani miaka mingi, unaoimbwa watu wakiwa wamesimama wakati wa kumtakia heri aliyezaliwa, aliyefunga ndoa au aliyestaafu. Anayebaki amekaa hutazamwa.

Ngoma ni habari nyingine, na hapa lazima niseme bila kupamba. Tangu Vasyl Avramenko alipofika Kanada mwaka 1925 na kuanza kuzifundisha ngoma hizi mji kwa mji, zimekuwa za jukwaani, na vikundi vikubwa vya leo hufanya mazoezi ya kupasha mwili kwa kushika ufito wa ukutani kama wacheza baleti. Wengi wa wanaocheza humo waliingia shule ya ngoma wakiwa na miaka minne au mitano. Mtu wa miaka thelathini na mitano ambaye hajawahi kucheza asitegemee kushinda majaribio ya kikundi cha namna hiyo. Atafute darasa la watu wazima wanaoanza, au achague kwaya, na hamu ya kucheza ataimalizia kwenye sherehe za ukumbini, ambako hupigwa kolomyika, watu wote wakaunda duara, na kila anayejiweza akaingia katikati kuonyesha alichonacho.

Anayeazimia ngoma hata hivyo aanze na magoti. Ile hatua maarufu ya wanaume ya kuchuchumaa na kurusha mguu, prysiadka, haitoki katika nguvu za mapaja peke yake. Mgongo husimama wima, visigino hunyanyuka, magoti hufunguka kuelekea pembeni, na uzito hubaki juu ya vidole. Anayeinama mbele ili asianguke ndiye anayeumia, na huumia mahali ambapo daktari humwambia apumzike msimu mzima. Chukua wiki nane kabla ya Septemba kuchuchumaa polepole na kusimama, kuruka kamba, na kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu. Kwa wanawake kazi kubwa ni mbio fupi fupi za “bihunets”, ambapo miguu hukimbia na kichwa hakitikisiki, na aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani utotoni ataelewa mara moja kinachotakiwa.

Mavazi ulizia kabla hujatoa fedha. Kwa kawaida vazi la jukwaani ni mali ya kikundi na hurudishwa, lakini buti au viatu vya kuchezea huwa juu ya mchezaji mwenyewe, na ngozi ya buti nyekundu si ya bei rahisi. Usijinunulie mtandaoni shati lililotariziwa ukidhani litafaa popote: darizi za mkoa wa Poltava si za Bukovyna, ngoma ya Wahutsul wa milimani huchezwa na viatu bapa vya ngozi badala ya buti, na kuchanganya maeneo katika vazi moja ni sawa na kuvaa kanga juu ya magwanda. Taji la maua na utepe, kwa desturi, lilikuwa la msichana ambaye hajaolewa, ingawa jukwaani huvaliwa kufuatana na ngoma.

Ada ya uanachama iombe kwa maandishi pamoja na orodha ya michango mingine, kwa kuwa fedha nyingi hupatikana kwa jasho. Utaitwa Jumamosi asubuhi kukunja varenyky, vile viandazi vya unga vyenye viazi ndani ambavyo Winnipeg nzima huviita perogi, na kazi hiyo ina ufundi wake: ukingo usipobanwa sawasawa, kimoja hupasuka katika maji ya moto na sufuria yote ikawa uji. Akina mama wazee wa jikoni hawatakugombeza, watakihamisha tu chako pembeni kimyakimya.

Msomaji Mwislamu ana maswali yake ya halali. Nyimbo nyingi ni za kanisa, na si kila kwaya ina mkusanyiko wa nyimbo za kidunia tu, kwa hiyo aombe kuona orodha ya msimu. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida mezani, ndani ya soseji na pengine juu ya varenyky kwa umbo la bekoni na vitunguu, na pombe haikosi kwenye sherehe. Kikundi cha ngoma kisichofungamana na kanisa huenda kikamfaa zaidi. Kwa Mkristo, afahamu kwamba Krismasi inaweza kuwa 25 Desemba au 7 Januari kutegemea parokia, na kwamba Kwaresima kwa mapokeo haina sherehe za kucheza.

Tangu Februari 2022 kumbi hizi zimepokea watu waliokimbia vita vya Urusi nchini Ukraine. Usimsalimie mtu kwa maneno machache ya Kirusi uliyoyaokota mahali, mji wao mkuu uite Kyiv kama wasemavyo wao, si Kiev, na usiulize habari za ndugu waliobaki mpaka mwenyewe aanze. Sisi tuliotoka Kivu hatuhitaji kufundishwa adabu hiyo.

Nyaraka mbili huchukua muda. Anayetaka kusaidia watoto wa shule ya ngoma huombwa cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa ya jinai, nacho hakitoki siku moja. Na kwa kuwa mpaka wa Marekani hauko mbali na Winnipeg, safari za maonyesho huvuka. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Burundi au Kongo anahitaji viza ambayo wenzake wa kuzaliwa hapa hawaihitaji, hivyo amweleze katibu mapema kabla jina lake halijaingizwa kwenye mpangilio wa jukwaa.

Usiku wa kwanza wenyewe, beba chupa ya maji, kwa kuwa hewa ya mashine za joto hukausha koo, penseli ya risasi, kwa kuwa wino hauruhusiwi kwenye vijitabu vya kwaya, na viatu vya ndani katika mfuko, kwa kuwa vile vya theluji huachwa mlangoni. Angalia pia basi la mwisho linapita saa ngapi: mazoezi huisha usiku, na kituo kinaweza kuwa na nyuzi thelathini chini ya sifuri. Katika kwaya yangu nilipata lifti wiki ya pili, kutoka kwa besi mmoja anayekaa upande wetu, lakini ile ya kwanza nilitembea.