Mbwa haji akiitwa, na wewe umeshakata tamaa? Anza hapa

Wiki ya kwanza kila mtu ana moyo. Kamba mpya, maini yamechemshwa, mbwa anakuja mbio kila akiitwa. Simu huanza kuingia wiki ya tatu: "Mwalimu, huyu mbwa ameshindikana." Ninafundisha mbwa wa majumbani hapa Arusha, na nikifika karibu kila mara namkuta mbwa mzima kabisa, ila mwenye mbwa ndiye aliyeishiwa nguvu. Kwa hiyo hatua hizi za kumfundisha mbwa kuja akiitwa nimezipanga zikubebe na wewe.

Hatua ya 1: Tafuta daftari

Kila zoezi, mwite mara 10 kisha andika amekuja mara ngapi. Usitegemee kichwa, kwa sababu mtu akichoka hukumbuka kosa tu. Simba, koko wangu, akiwa na miezi minane alinichomoka getini akawafuata mbuzi wa jirani. Nilikaa kwenye ngazi, kamba mkononi, nikijiambia nimepoteza mwezi mzima. Nikafungua daftari: siku ya kwanza 3 kati ya 10, asubuhi ile 7. Saba! Nikainuka nikaenda kumchukua.

Hatua ya 2: Zoezi lisizidi dakika 5

Mara mbili kwa siku, kabla hajala. Kata maini vipande vidogo kama punje ya haragwe. Dagaa wakavu nao wanafaa. Akifika tu, mpe papo hapo. Ukichelewa hata sekunde chache, hajui tena analipwa kwa lipi. Acha angali anataka kuendelea. Ile "ngoja nimwite mara moja ya mwisho" ndiyo inayoharibu: yeye kachoka, anakataa, na wewe unaingia ndani na hasira ambayo kesho itakuzuia kutoka.

Hatua ya 3: Panda ngazi moja moja

Hapa ndipo wengi wanapoachia. Mbwa aliyekuwa anakuja vizuri uani, nje ya geti anakutazama kama hakujui. Si kiburi, wala hajasahau. Mbwa hujifunza neno pamoja na mahali. "Njoo" ya uani na "njoo" ya barabarani kwake ni vitu viwili, mpaka umwonyeshe kuwa ni kimoja.

Ngazi zangu ni hizi: sebuleni, uani kukiwa kimya, uani watoto wakicheza, getini, kisha barabarani asubuhi na mapema kabla bodaboda hazijaanza. Akipata 8 kati ya 10 siku mbili mfululizo, panda. Akishuka chini ya 5, rudi ngazi moja bila kujilaumu. Nje ya geti tumia kamba ya mita 10, uifunge kwenye mkanda wa kifuani. Ukiifunga shingoni, akitimua mbio kamba ikakaza ghafla itamuumiza koo.

Ukiwa na mbwa wa kati ya miezi 6 na mwaka mmoja, tarajia namba kushuka bila sababu unayoiona. Anabalehe. Baki kwenye ngazi uliyopo, endelea kuandika.

Hatua ya 4: Usimwite ili umwadhibu

Kaiba nyama? Mfuate alipo. Ukimwita ukamchapa, umeifuta kazi ya wiki nzima kwa mkono wako mwenyewe, na hapo hata mimi sina cha kukufariji.

Hatua ya 5: Siku mbaya nayo ina zoezi lake

Umetoka kazini, mvua inanyesha, huna hamu. Usiende nje. Mwite mara mbili tu, kutoka jikoni hadi ulipoketi, mpe kipande chake, mkune nyuma ya sikio. Andika 2 kati ya 2, na tarehe pembeni.