Somo: Kuchagua na Kufunga Taa za Baiskeli ya Milimani kwa Safari za Usiku

Wengi wanaoanza kuendesha baiskeli milimani usiku hununua taa moja yenye lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) nyingi kuliko zote dukani, wakaifunga mahali penye nafasi, wakaondoka. Kabla hujatoa fedha yako, naomba uishike hoja hii moja: kinachomwonyesha mwendeshaji kina cha shimo na urefu wa mzizi ni kivuli, na kivuli hutegemea zaidi mahali taa ilipofungwa kuliko ukali wake.

Nilijifunza hili kwa maumivu. Nilikuwa nikiteremka na taa ya helmeti peke yake, na njia ilionekana tambarare kama sakafu, hadi gurudumu la mbele lilipozama katika mfereji uliochimbwa na maji ya mvua nami nikarushwa mbele ya usukani. Nilipoinuka nikavua helmeti na kuishika usawa wa goti. Hapo ndipo mfereji ulipojitokeza, ukingo wake umetupa kivuli cheusi ambacho kingeonekana hata kwa mbali, ilhali taa ilikuwa ile ile. Taa ya kichwani imekaa karibu mno na macho, kwa hiyo kivuli cha kila jiwe huangukia nyuma ya jiwe lenyewe, mahali ambapo jicho halifiki. Taa ya usukani iko chini ya macho, hivyo vivuli vyake huonekana. Kasoro yake ni kwamba humulika kule usukani unakoelekea, na kwenye kona kali itakuonyesha miti wakati njia imekwisha kukata kushoto. Ndiyo maana tunafunga zote mbili.

Hatua ya kwanza: kuchagua taa. Ya usukani iwe na mwanga mpana unaofunika njia na kingo zake. Lumeni 1,000 hadi 1,500 zinatosha njia nyingi, na mteremko wa kasi unaweza kudai 2,000. Ya helmeti iwe na mwale mwembamba wa kufika mbali, lumeni 600 hadi 1,000, na isiizidi nguvu ile ya usukani, kwa sababu ikiizidi itafuta vivuli ambavyo tumevitafuta kwa bidii. Usivutwe na namba peke yake: lumeni zikiongezeka maradufu, jicho halioni mwanga maradufu, na umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika pale hubaki robo tu. Kuhusu rangi, mimi hupendelea mwanga wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4,000 hadi 5,000 kuliko ule wa kibuluu wa 6,500, kwa kuwa udongo, majani makavu na mizizi hutofautiana vizuri zaidi.

Hatua ya pili: kupima betri. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, kisha ugawanye kwa wati ambazo taa inatumia. Betri ya volti 7.2 na ampea-saa 5 ina wati-saa 36. Taa ya wati 15 itaimaliza kwa saa mbili na dakika ishirini na kitu. Baridi hupunguza muda huo, kwa hiyo jiwekee akiba.

Hatua ya tatu: kufunga na kuelekeza. Hapa ndipo watu huharakisha, na hapa ndipo ningependa utumie nusu saa nzima. Funga taa ya usukani katikati, karibu na shingo ya usukani, kisha hakikisha nyaya za breki hazikatizi mbele ya kioo chake, maana waya mwembamba hutupa mstari mpana wa giza katikati ya njia. Ielekeze ili kiini cha mwanga kiangukie mita 8 hadi 10 mbele. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa unapita zaidi ya mita 8 kila sekunde, kwa hiyo umbali huo hukupa sekunde moja tu. Taa ya helmeti, ikielekezwa mita 20 hadi 25, ndiyo inayokupa muda wa kuamua. Hiyo usiielekeze ukiwa umekaa kitini. Mwenzako akushikilie baiskeli, wewe usimame juu ya pedali, ukunje viwiko na kutazama mbele kama unavyotazama ukiteremka, ndipo uirekebishe. Mwisho tikisa kichwa kwa nguvu: helmeti ikishukia usoni, taa ni nzito mno, na betri yake ihamie mgongoni kwa waya mrefu.

Hatua ya nne. Beba tochi ndogo ya akiba, na taa nyekundu ya nyuma ikiwa utapita barabara ya magari.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa sasa nina uwezo wa kununua taa moja tu. Nianze na ipi?*

Anza na ya usukani, ndugu yangu, na upunguze mwendo kabla ya kila kona. Najua wapo wanaoshauri kinyume, lakini shimo usiloliona ni hatari kuliko kona unayoiendea polepole.

*Ukungu ukishuka, taa ya helmeti hunijengea ukuta mweupe usoni. Je, imeharibika?*

Haijaharibika. Matone ya ukungu huurudisha mwanga moja kwa moja machoni, kwa kuwa taa na macho viko pamoja. Izime au upunguze kabisa mwanga wake, ubaki na ya usukani. Vumbi la mwenzako aliye mbele hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo mwachie nafasi.

*Taa yangu hufifia yenyewe ninaposimama kuziba pancha.*

Inajikinga na joto. Taa hizi hupozwa na upepo wa mwendo. Ukisimama, punguza mwanga wake mwenyewe mapema.

*IPX4 inatosha kwa mvua, au nitafute IPX7?*

Hizo ni alama za kiwango cha kuzuia maji. IPX4 huhimili maji yanayoruka kutoka pande zote, na kwa mvua ya kawaida inatosha, mradi kifuniko cha tundu la chaji kimebana. IPX7 huhimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Itafute ikiwa njia yako inavuka vijito.

*Ninapopanda mlima, nizime moja?*

Zima ya helmeti na upunguze mwanga wa ile ya usukani, kwani mwendo ni mdogo na betri itakufaa baadaye. Ukifika kileleni, ziwashe zote kwa nguvu kamili ukiwa bado umesimama, ili usiachie usukani kutafuta swichi mteremko ukiwa umeshaanza.