Kabla ya kubonyeza O: namna ya kuzuia paketi usizozitaka kwenye Debian

Kwenye sekretarieti yangu (ofisi ya kuchapa kazi za wateja) hapa Nyawera, Bukavu, kompyuta tatu zinatumia Debian 12, mfumo wa Linux, na mega (data za intaneti) ninanunua kwa pesa yangu mwenyewe. Paketi, yaani programu au kipande chake, ikiingia bila kualikwa inaniuma.

Anza na `sudo apt update` (apt ndiyo inayoweka na kutoa paketi, na `sudo` inaipa ruhusa ya msimamizi), kisha `apt -s upgrade`, ya kusasisha. Ile `-s` inaonyesha tu kitakachotokea, haigusi kitu. Kompyuta zetu ziko kwa Kifaransa, basi tafuta mstari huu: «Les NOUVEAUX paquets suivants seront installés». Ukitumia `full-upgrade`, tafuta pia «seront ENLEVÉS», maana `upgrade` haiondoi paketi lakini `full-upgrade` inaweza. Soma jina kwa jina kabla ya kubonyeza O, yaani «oui», ya kukubali.

Nilipoweka `at`, programu ya kupangia kazi saa yake, ili upakuaji uanze usiku wa manane wakati mega ni bei rahisi, iliingia pamoja na exim4. Hiyo ni seva ya barua pepe! Hapa kwetu itamtumia nani barua? Nikaweka aptitude, chombo kingine cha kusimamia paketi, nikauliza nani kaileta:

`aptitude why exim4-daemon-light`

Jibu likiwa «Dépend», iache, kwa sababu ukiitoa, inayoitegemea itaondoka nayo. Likiwa «Recommande», ni pendekezo tu la waliotengeneza paketi. Yangu ilipendekezwa na `at`. Basi jaribu kwanza `apt -s purge exim4-base` (`purge` inaondoa paketi pamoja na mipangilio yake), tazama vitakavyoondoka, na ukiridhika rudia kwa `sudo`, bila `-s`. Usingojee `autoremove`, amri ya kufagia paketi zisizohitajika tena, ikufanyie kazi hiyo: paketi inayopendekezwa na nyingine iliyomo, kwa kawaida haiguswi.

Siku nyingine zuia mlangoni: `sudo apt install --no-install-recommends at`.

Kuna pia njia ya kuzima mapendekezo yote, kwa kuandika `APT::Install-Recommends "false";` katika faili ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/`. Mimi siishauri kwa kompyuta ya wateja. Niliifanya kwenye moja, nikaweka cups, programu ya kuchapisha, na printa ya wifi haikuonekana kabisa. Mwanafunzi alikuwa amesimama na TFC yake (kazi ya kumaliza masomo) kwenye flashi, anatakiwa kuikabidhi mchana uleule. Kilichokosekana ni `avahi-daemon`, inayotafuta printa kwenye mtandao, na cups inaipendekeza tu. Niliiweka, printa ikajitokeza, tukaanza kuchapa ukurasa wa kwanza.