Gemu kwenye Linux kwa kompyuta ya mtumba: mwongozo kwa wachezaji wa Mwanza

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haipokei karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Hapo katikati zimeachwa kompyuta nyingi za mtumba ambazo wanachuo wa Malimbe na vijana wa Kirumba, Igoma na Buhongwa wanazimudu: HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T460 na Dell za rika hilo. Nyingi ni za kizazi cha 6 na cha 7. Windows mpya inazikataa, lakini kwa gemu za Linux, mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, kizazi cha 6 ndicho mahali pazuri pa kuanzia. Ndiyo maana tunasema usiitupe kompyuta hiyo wala usikimbilie kukopa ununue nyingine. Ila pia usifute Windows leo kabla hujasoma sehemu inayofuata.

Kwanza andika gemu unazocheza

Chukua karatasi, orodhesha gemu tano unazozicheza kweli. Gemu nyingi za Windows zinafanya kazi kwenye Linux kupitia Proton, programu iliyotolewa na kampuni ya Valve mwezi Agosti 2018 ndani ya Steam, duka lake la gemu la mtandaoni. Proton imejengwa juu ya Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, wa kuzifanya programu za Windows ziende bila Windows. Ndani yake kuna DXVK, inayogeuza amri za picha za Direct3D 9, 10 na 11 kuwa Vulkan, lugha ambayo gemu hutumia kuiamuru kadi ya picha, na VKD3D-Proton inayofanya hivyo kwa Direct3D 12. Shika hilo neno Vulkan, maana matatizo mengi yanaanzia hapo.

Kinachozuia gemu kabisa mara nyingi si picha. Ni mlinzi wa wizi, ile programu inayokagua kama mchezaji wa mtandaoni anadanganya. Baadhi ya walinzi hao hukaa ndani kabisa ya kiini cha Windows, na Linux haina kiini hicho, kwa hiyo gemu inakataa kufunguka au inakutoa mtandaoni. Fortnite, Valorant na Call of Duty mpya hazichezeki. Apex Legends ilikuwa inachezeka, ikafungwa kwa watumiaji wa Linux mwishoni mwa 2024. GTA V ya hadithi inakwenda vizuri, lakini ile ya mtandaoni ilifungwa Septemba 2024 ilipowekewa mlinzi aitwaye BattlEye. Kinachouma ni kwamba BattlEye na Easy Anti-Cheat zote zina toleo la Linux. Ni mtengenezaji wa gemu anayeamua kuliruhusu au kuliacha.

Kwa wapenzi wa mpira, hili lisemwe wazi: kuanzia FIFA 23 hadi FC za sasa, mlinzi wa EA anazuia Linux. Kama FC ndiyo gemu yako ya kila jioni, baki na Windows au weka mifumo yote miwili. PES za zamani zinazochezwa bila mtandao, kama PES 2013 na PES 2017, zinakwenda, na Football Manager pia. Counter-Strike 2, Dota 2 na Euro Truck Simulator 2 zina toleo lao la Linux, hazihitaji hata Proton.

Gemu nyingine yoyote itafute kwenye tovuti ya ProtonDB, ambako wachezaji huandika gemu imewaendeaje. Usiishie kwenye rangi ya daraja. Soma taarifa za miezi ya karibuni, na tafuta mtu mwenye kadi ya picha kama yako.

Kagua kompyuta kabla ya kulipa

Stika ya mbele haiaminiki, huhamishwa kutoka mashine hadi mashine. Angalia jina la prosesa ndani ya mfumo wenyewe. Kwenye i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi ni kizazi cha 6. Kwenye i5-4300U ni 4. Kizazi cha 8 huandikwa kama i5-8350U.

Proton kuanzia toleo la 8 inadai Vulkan 1.3. Picha za ndani za Intel kuanzia kizazi cha 6 zinayo. Kizazi cha 4 na kurudi nyuma hazitoshi. Ukiwa na mashine ya namna hiyo bado una njia mbili: uchague Proton 7.0, au uipitishe gemu kwenye OpenGL, lugha ya picha ya zamani kuliko Vulkan, kwa amri tutakayoitoa mbele. Gemu za miaka ya San Andreas zitakwenda. Nzito usizitegemee.

RAM ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Picha za ndani za Intel hazina kumbukumbu yake, zinaazima RAM ya kompyuta. Kipande kimoja cha GB 16 kinapitisha data kwa njia moja. Vipande viwili vya GB 8 vinapitisha kwa njia mbili, na gemu inalainika waziwazi. EliteBook 840 G3 na ThinkPad T480 zina nafasi mbili za RAM. Mwombe muuzaji afungue kifuniko uone kwa macho. Ikiwa nafasi moja ni tupu, hiyo ndiyo pesa ya kwanza kutumia, kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa kompyuta ya mezani, kadi ya AMD kama RX 570 au RX 580 haina usumbufu, kwa sababu draiva yake, yaani programu inayouunganisha mfumo na kadi, tayari imo ndani ya Linux. NVIDIA nayo inafaa, ila draiva unaiweka mwenyewe. GTX za mfululizo wa 600 na nyingi za 700 zimeachwa kwenye draiva ya 470 isiyofikia Vulkan 1.3, basi usiuziwe hizo kwa ajili ya Proton. GTX 750 Ti imo upande salama, kwa kuwa ni ya ukoo mpya zaidi.

Kuweka mfumo

Tunapendekeza Linux Mint 22 kwa anayeanza. Inasaidiwa hadi 2029 na haimlazimishi mtu kujifunza kila kitu siku moja. Faili lake ni karibu GB 3, basi lipakue kwa bando la usiku. Likishashuka, lihakiki kwa PowerShell ya Windows, ukiwa kwenye folda lilimo:

Get-FileHash linuxmint*.iso

Linganisha namba inayotoka na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint. Zikitofautiana hata herufi moja (herufi kubwa au ndogo si kitu), faili limeharibika njiani na usakinishaji unaweza kukwama katikati. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus au balenaEtcher.

Ukibakiza Windows pembeni, fanya mambo matatu kwanza ukiwa ndani ya Windows: nakili kazi zako kwenye diski ya nje, zima "Fast Startup", na ukikuta BitLocker, kufuli la diski la Windows, imewashwa, hifadhi ufunguo wake mahali salama. Kisha punguza sehemu ya Windows, uachie Linux angalau GB 80.

Washa kompyuta ukibonyeza F9 kwenye HP, au F12 kwenye Lenovo na Dell, uchague flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski. Hapo hapo, kabla ya kusakinisha, jaribu Wi-Fi, sauti na kibodi. Ukimaliza kusakinisha, fungua Terminali, dirisha la kuandikia amri:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install steam-installer mesa-vulkan-drivers mesa-vulkan-drivers:i386 vulkan-tools
vulkaninfo --summary

Mstari wa mwisho utakuonyesha jina la chipu ya picha na toleo la Vulkan. Ukiona "llvmpipe" peke yake, picha zinachorwa na prosesa, maana yake draiva haijakaa. Mwenye NVIDIA afungue "Driver Manager", achague draiva inayopendekezwa, kisha awashe upya.

Ile ":i386" usiiruke. Gemu za zamani ni za biti 32, na zinahitaji draiva ya biti 32 hata kama mfumo wako ni wa biti 64. Bila hiyo utabofya "Play", kitufe kitageuka kuwa "Stop" kwa sekunde tatu, kisha kitarudi "Play" bila neno. Huo ndio ugonjwa tunaoulizwa kuliko yote.

Steam na bando

Gemu ikishaonekana kwenye maktaba yako, bofya kitufe cha kulia, ingia "Properties", halafu "Compatibility", weka alama ya kulazimisha Proton na uchague toleo. Anza na toleo jipya lisilo na neno "Experimental". Mara ya kwanza Steam itapakua pia Proton yenyewe na mfumo wake wa chini, na vyote pamoja hupita GB 1. Weka hesabu hiyo kwenye bando.

Kwenye "Settings", "Downloads", panga masasisho yashuke usiku tu. Hapo hapo kuna "Shader Pre-caching". Ukiizima unaokoa data, lakini gemu itakuwa inashtuka-shtuka mara za kwanza unapoingia eneo jipya, kwa sababu inajiandalia picha palepale. Kwa mwenye bando dogo, izime uvumilie dakika hizo.

Njia iliyo bora kuliko zote kwa mazingira yetu ni mmoja kupakua na wengine kunakili. Kompyuta mbili zikiwa kwenye ruta moja na zote zimeingia Steam, gemu inahama moja kwa moja kutoka mashine hadi mashine bila kula bando, isipokuwa data kidogo ya Steam kujitambulisha. Washa "Game File Transfer over Local Network" pande zote mbili. Rafiki anaweza kuwa kwenye Windows, kwani Proton inatumia mafaili yale yale. Ila kwa gemu yenye toleo la Linux, kama Euro Truck, ilazimishe kwanza itumie Proton, la sivyo mafaili yatatofautiana na Steam itaanza kupakua upya.

Kama rafiki yuko Ukerewe na hakuna ruta ya pamoja, tumia diski ya nje. Nakili folda ya gemu kutoka "steamapps/common" ya kwake, ipeleke kwako hapa:

~/.steam/steam/steamapps/common

Kisha bofya "Install". Steam itayakuta mafaili, itayakagua, na kupakua yaliyopungua tu. Jina la folda libaki lilivyo, herufi kubwa kwa ndogo, maana Linux inazitofautisha. Na diski iwe ya exFAT: FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4, na gemu kubwa zina mafaili ya namna hiyo.

Kosa jingine ni kuchezea gemu ndani ya sehemu ya NTFS ya Windows ili kuokoa nafasi. Proton hutengeneza majina yenye nukta mbili, kama "c:", ambayo NTFS haiyakubali vizuri, na gemu hufa bila maelezo. Weka gemu kwenye sehemu ya ext4, muundo wa diski wa Linux.

Inapokataa kufunguka

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Kwanza jaribu toleo jingine la Proton, kisha GE-Proton, Proton iliyoboreshwa na watu wa nje ya Valve, inayowekwa kwa programu ya ProtonUp-Qt na mara nyingi hutibu video za utangulizi zisizoonekana. Umeme ukikatika wakati wa kupakua, tumia "Verify integrity of game files" kabla ya kulaumu chochote. Chipu ikiwa ya kizazi cha 4, andika hivi kwenye "Launch Options" ndani ya "Properties" ya gemu:

PROTON_USE_WINED3D=1 %command%

Ikibaki kukataa, andika PROTON_LOG=1 %command%, ifungue tena, utakuta faili linaloanza na "steam-" kwenye folda yako ya nyumbani. Mistari ya mwisho kabla ya kufa ndiyo ya kumpelekea mtu anayekusaidia. "Haifunguki" peke yake haimsaidii fundi.

Kwa gemu ya CD, tumia "Add a Non-Steam Game", iteue faili ya kusakinishia, ilazimishe Proton. Gemu za PSP zina programu ya kuiga iitwayo PPSSPP ya Linux moja kwa moja, na za PS2 zina PCSX2, ambayo inahitaji BIOS, programu ya msingi ya PS2, uliyoitoa kwenye PS2 yako mwenyewe.

Padi ya PS4 inakubali kwa waya bila kuweka kitu. Kwa Bluetooth, shikilia "Share" na "PS" pamoja mpaka taa ipepese haraka, ndipo uitafute kwenye kompyuta.

Joto

Gemu ikianza vizuri kisha baada ya dakika kumi ikawa nzito, hiyo si Linux. Ni prosesa inayojipunguza kasi isiungue. Sakinisha mangohud, andika mangohud %command%, na utaona nyuzi joto na kasi ya prosesa pembeni ya skrini. Nyuzi zikipanda hadi 90 na zaidi huku kasi ikishuka, zima kompyuta na uifungue.

Karibu na ziwa kuna jambo la ziada. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi hufuata taa usiku, na kompyuta inayochezewa dirishani huwavuta ndani kupitia feni. Wakichanganyika na vumbi hujenga tabaka jembamba kama kitambaa kati ya feni na mapezi ya shaba. Kutoka nje hulioni. Ondoa feni, livute tabaka hilo kwa kibano, ndipo upulize, maana ukipuliza kabla linabanana zaidi. Shikilia feni kwa kidole isizunguke. Futa krimu kavu ya prosesa kwa spiriti na uweke mpya kiasi cha punje ya mchele, na kwenye kucheza weka kompyuta juu ya meza, mbali na godoro.