Umepoa kiroho? Anza na mtungi wa maji

Mi nimeimba timu ya sifa miaka sita na nakumbuka kabisa siku niliyojua nimepoa. Tulikuwa kwenye wimbo wa kuabudu, ule wa polepole unaoliza watu, mkono uko juu, macho nimefumba, na kichwani napiga hesabu kama ule unga uliobaki kwenye mkebe utatosha chapati za jioni au nipitie dukani. Wimbo ukaisha, watu wakaniambia dada leo umetubariki kweli kweli. Nikasema amina.

Basi nikafanya yote tunayoambiwaga tufanye. Nikakesha, nikafunga siku tatu, nikanunua daftari jipya la kuandikia mahubiri, nikawekewa mikono nikaombewa mpaka shingo ikauma. Wapi! Kilichokuja kunisaidia ni kubeba maji, na ndo nataka kuelezea hapa vile mtu anaweza kufanya, pamoja na pale nilipoharibu, manake nimeharibu pia.

Na kabla hujajiona we ndo umepotea kuliko wote mjini, jua kupoa ni jambo la zamani Malindi hii. Si unakajua kale kakanisa kadogo ka Wareno kule karibu na bahari? Francis Xavier, yule mmisionari Mkatoliki, alipita Malindi 1542 akienda India, wakazika mtu aliyefia melini, na kwenye barua yake anasimulia kwamba kuna mzee Muislamu wa hapa alimuuliza kama Wakristo nao wanasali kwa moyo, sababu kwao ibada ilikuwa imepoa, misikiti 17 na inayoendewa mitatu tu. 1542 hiyo! Watu wa dini mbili wamekaa pwani wanaambizana jinsi watu walivyopoa. Mi hiyo habari ilinifariji kuliko mahubiri mengi.

Haya tuanze. Kwanza jiulize umepoa ama umechoka, sababu dawa zake ni tofauti. Eliya kwenye 1 Wafalme 19 alikimbia mpaka jangwani, akalala chini ya mretemu akaomba afe, na hakuhubiriwa, aliletewa mkate wa makaa na maji, akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Kazi alikuja kupewa baadaye kule Horebu. Kwa hivyo kama umepiga shifti mbili mbili hotelini msimu wote wa Desemba, lala wiki moja kwanza halafu ndo ujiulize habari za wokovu wako. Na kama usingizi hauji kabisa, chakula hakishuki, huoni sababu ya kuamka asubuhi, nenda hospitali ukaongee na daktari, usikubali mtu akuambie ni kukosa imani.

Pili, shuka jukwaani kwa muda. Hii watu hawaipendi. Mi nilimwendea kiongozi wetu nikamwambia, "Naomba mapumziko ya miezi mitatu kwenye sifa, ibadani ntakuja kama kawaida, ntakaa tu kwenye viti." Hivyo tu, usiende na hotuba, ukianza kujieleza sana utatolewa mistari ya Biblia mpaka urudi kwenye maiki siku hiyo hiyo. Alinijibu kwamba wanaoshuka wengi hawapandi tena. Iliniuma, sitaki kudanganya. Lakini nilikuwa nishafika mahali sijui kama namtumikia Mungu au natumikia ile "dada umetubariki", na ukiwa umeshika maiki huwezi kujua.

Sasa kutafuta kazi yenyewe. Usisubiri matangazo ya kanisa, matangazo ni ya harusi na harambee. Kila kanisa lina mama mmoja anayejua nani hajala, nani mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, nani amelazwa na hana mtu wa kumpelekea uji. Anaweza kuwa mama wa jumuiya, anaweza kuwa hana cheo chochote, yule tu anayebaki kuosha sufuria baada ya matanga. Mtafute huyo umuulize, "Mama, nani anahitaji mtu saa moja kwa wiki?" Saa moja, usiseme zaidi. Hapa nilianzia kuharibu, nilisema niko tayari kwa lolote, nikapewa wagonjwa, watoto wa Sande skuli na ziara ya gereza kwa mwezi mmoja, wiki ya tatu nikazima simu.

Ukishatajiwa kazi, ipime hivi: mi nisipoenda, nani atakosa nini? Kama jibu ni hakuna atakayekosa kitu, hiyo si yako kwa sasa. Umepoa, huna hamu, asubuhi utajiambia ntaenda wiki ijayo, kwa hivyo unahitaji mtu ambaye usipotokea atabaki na mtungi mtupu mlangoni. Na iwe mahali unapofika kwa miguu. Nimeona huduma ngapi zimekufa kwa sababu ya nauli ya tuktuk, mtu anaanza na moto, mwezi unafika katikati hana hata shilingi hamsini anaona aibu kusema.

Wakati wa kusi ndo kazi zinaonekana zaidi, Aprili mpaka Juni hivi, hoteli zinafunga, wageni wamerudi kwao Italia, waiters na wa usafi wametumwa nyumbani bila mshahara. Watu hao wanavaa vizuri Jumapili, hutajua. Ukiweza kupeleka kilo mbili za unga usiku bila kutangaza kwenye grupu, hiyo ni huduma tosha.

Mi nilipewa Hawe. Hawe ni bibi kwa Kigiriama, jina lake silitaji. Anakaa peke yake ng'ambo ya kwetu, nyumba ya udongo na makuti, mguu mmoja umevimba hawezi kwenda mferejini, na maji ya mfereji si unajua yanavyotoka hapa, leo yapo kesho hamna. Kazi yangu ilikuwa Jumanne jioni, mitungi miwili ya lita 20, basi. Siku ya kwanza akaniuliza haya maji ni ya kanisa? Nikamwambia ni maji tu Hawe. Akacheka, akasema ya kanisa yana maneno mengi.

Wiki nne nilibeba maji na sikuhisi chochote, mikono tu kuuma. Ya tano nikamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni na kipakiti cha piko, ile rangi nyeusi ya nywele, mkononi, akaniambia mwanangu nipake, mkono haufiki nyuma. Nikajua sababu. Huku kwetu kaunti ya Kilifi mzee akiwa na mvi anaitwa mchawi, kuna waliouawa na watoto wao wenyewe, mara nyingi ukichimba chini utakuta ni shamba linatafutwa. Mpaka kuna wazee wamekimbilia Kaya Godoma kule Ganze wapate pa kulala salama. Kwa hivyo wengine wanapaka nywele nyeusi. Hawe hapaki kwa urembo.

Nikakoroga piko kwenye kifuu cha nazi, nikapaka na mswaki wa zamani, nikimgawa nywele mistari mistari kama namsuka. Inanuka ile kitu, na inawasha, akawa anafinya macho hasemi. Nyuma ya sikio la kushoto kuna kovu, sikumuuliza. Majirani walikuwa wanapita njia ya pale mbele na hawamsalimii, wananisalimia mimi, "habari dada," halafu wanatazama pembeni. Nikaanza kuwajibu kwa wingi, "hatujambo," kila anayepita, "hatujambo, karibuni." Wa nne au wa tano, mwanamke na mtoto mgongoni, akasimama akasema, "Hawe, mguu vipi?" Hawe akashindwa kujibu haraka, ilibidi nimguse bega.

Nilirudi nyumbani vidole vyeusi, sikuwa nimejua kuvaa glavu, na njiani nikajikuta naomba. Si maombi ya maana, nilikuwa namwambia Mungu tu habari za yule mwanamke aliyesimama. Hapo nikashtuka, miezi sijaongea naye bila kulazimishwa.

Toka siku hiyo Yohana 21 naisoma tofauti. Petro alishamkana Yesu mara tatu, amerudi kwenye kuvua, usiku kucha hawajapata kitu, alfajiri anamkuta Yesu ufuoni na moto wa makaa, samaki na mkate juu yake. We ukienda pale jeti asubuhi mashua zinaingia utaisikia harufu hiyo. Anawaambia njoni mfungue kinywa. Wanakula kwanza. Halafu Petro anaulizwa mara tatu kama anampenda, na kila akijibu anapewa kazi ya kulisha na kuchunga. Habari za kwanini ulinikana, haziulizwi.

Mambo ya kuangalia. Usipige picha, hata ukiwa umevaa vizuri, Hawe si posti. Usimpe mtu chakula halafu umwambie Jumapili uje, Malindi tumechanganyika, jirani yako ni Muislamu au ni mtu wa kaya, yaani wa dini ya jadi, msaidie kama jirani. Kama we ni dada usiende nyumba usizozijua peke yako, mnaenda wawili. Pesa ya watu usiishike bila wa pili kujua, hata kama ni mia. Ya gereza na hospitali ulizia utaratibu wao kabla, usitokee tu na Biblia getini.

Na hili nitalisema bila kuzunguka sababu sisi ndo tumeishi nalo. Mtu akiwa amepoa na anatafuta moto ni rahisi kushikwa. Shakahola, ule msitu ambako mhubiri aliwaambia watu wafunge mpaka kufa, ni hapo tu, 2023 wamefukuliwa watu zaidi ya 400, maiti zililetwa mochari ya hapa mjini, na wengi wao walikuwa wanatafuta kumkaribia Mungu kama wewe na mimi. Huduma yoyote inayokuambia acha kula, acha hospitali, toa watoto shule, uza shamba, katana na nduguzo, toka hata kama mhubiri analia machozi. Toka na wewe mwambie mtu.

Swali nnaloulizwa sana ni je, moto utarudi? Sijui wako. Mama Teresa wa Calcutta alifariki 1997, barua zake zilipotolewa kitabu 2007 watu wakashangaa kusoma kwamba karibu miaka hamsini hakumhisi Mungu, na miaka yote hiyo alikuwa anaokota wagonjwa barabarani. Mi miezi mitatu iliisha nikarudi sifa, Jumapili mbili kwa mwezi, siku zingine nahisi na siku zingine nahesabu unga. Nishaacha kuogopa nikihesabu unga.

Jumanne hii maji ya mfereji hayajatoka tangu juzi kwa hivyo ntachota kisimani kwa mama mwenye mtoto mgongoni, ameniambia nije na mitungi mapema kabla foleni haijawa refu. Na piko imeisha, nipitie duka la hina nichukue mbili, na glavu.