Linux kwa anayeanza: soma kwanza mwongozo uliomo ndani ya mashine yako

Anayeanza Linux hakosi vitu vya kusoma. Anachokosa ni kujua kipi kinahusu mashine iliyo mbele yake. Somo lililoandikwa miaka kumi iliyopita kwa distro nyingine (distro ni aina ya Linux, kama Ubuntu au Fedora) litakupa amri ambazo kwako hazipo, nawe utadhani umekosea wewe. Mwongozo uliosakinishwa pamoja na programu kwa kawaida hauna shida hiyo, kwa sababu toleo lake ni lile lile la programu unayoitumia. Anzia humo, kisha uende intaneti ukiwa na kitu cha kupimia unachokikuta.

Kabla ya kusoma, tafuta mahali ambapo kuharibu hakutakuumiza. Mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako kwa programu kama VirtualBox, ndiyo salama zaidi. Kwa Ubuntu yenye madirisha, itengee RAM ya GB 4 na diski ya GB 25. VirtualBox ina uwezo wa kuhifadhi hali ya mashine nzima kama ilivyo kwa wakati huo. Utumie kabla ya kila jaribio kubwa, ili ukivuruga urudi ulipokuwa. Flashi ya kuwashia Linux bila kuisakinisha nayo inafaa, ila kwa kawaida ukizima kompyuta kila ulichokifanya humo kinapotea, madokezo yako yakiwemo. Kama tayari umesakinisha Linux kwenye kompyuta unayoitegemea, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) na ujifungie ndani ya folda moja:

mkdir ~/mazoezi
cd ~/mazoezi

Na ulijue hili mapema: amri ya rm haipeleki faili kwenye pipa la taka, inafuta moja kwa moja. Wakati wa kujifunza andika rm -i, ikuulize kabla ya kufuta.

Sasa tufungue mwongozo wa cp, amri ya kunakili. Kwenye terminali andika:

man cp

Ukurasa utakaofunguka husomwa ndani ya programu iitwayo less. Kitufe cha q kinakutoa. Alama ya / ikifuatwa na neno inatafuta neno hilo, n inakupeleka linapojitokeza tena, na h inaonyesha msaada. Vitufe hivi vinne vinatosha kwa mwezi wa kwanza. Ukiambiwa kwamba amri ya man haipo, usakinishaji wako ulipunguzwa. Kwenye Debian na jamaa zake andika sudo apt install man-db manpages (sudo huendesha amri kwa uwezo wa msimamizi, apt husakinisha programu).

Wengi hukatishwa tamaa na ukurasa huu kwa sababu wanausoma kuanzia juu hadi chini kama hadithi. Haukuandikwa hivyo. Tazama sehemu ya SYNOPSIS, kwa kuwa ndiyo inayobeba sarufi ya amri nzima. Kwa cp, mistari miwili ya mwanzo ni hii:

cp [OPTION]... [-T] SOURCE DEST
cp [OPTION]... SOURCE... DIRECTORY

Kilichomo ndani ya mabano ya mraba si lazima. Nukta tatu zinamaanisha kwamba kilichotangulia kinaweza kurudiwa. Neno la herufi kubwa ni nafasi ya kujaza: hapo unaweka jina lako la faili. Kwa hiyo mstari wa kwanza unasema: toa faili moja, ipe nakala yenye jina jingine. Wa pili unasema: toa faili moja au nyingi, lakini cha mwisho lazima kiwe folda. Tengeneza faili tatu tupu kwa touch a.txt b.txt c.txt, kisha jaribu cp a.txt b.txt c.txt, uone inavyokataa. Faili zote tatu zipo, lakini c.txt si folda, na mstari wa pili ulishakwambia.

Jaribu tena, safari hii kunakili folda: itengeneze kwa mkdir picha, kisha andika cp picha nakala. Jibu ni:

cp: -r not specified; omitting directory 'picha'

Rudi kwenye ukurasa, andika /recursive, na utakuta -r pamoja na maelezo yake. Mzunguko huu wa kujaribu, kukataliwa, kutafuta ndani ya ukurasa na kujaribu tena unafundisha kuliko saa nzima ya kutazama video. Ufanye kwa amri chache tu mwanzoni: ls, cd, cp, mv, rm, mkdir, less, grep, find, chmod. Ukizizoea hizo, nyingine zitakuja zenyewe.

Utakapoandika man cd huenda ukaambiwa ukurasa haupo, au ukafunguliwa ukurasa ambao hauzungumzii bash, yaani programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali. Sababu ni kwamba cd si programu inayojitegemea. Imo ndani ya bash yenyewe. Andika type cd kujua amri ni ya aina gani, na help cd kusoma maelezo yake.

Kurasa za mwongozo zimegawanywa kwa namba kuanzia 1 hadi 8. Kwa sasa zinakuhusu tatu: 1 ni amri za kawaida, 5 ni muundo wa mafaili ya mipangilio, 8 ni amri za msimamizi. Namba hizi zina kazi: man passwd inakupa amri ya kubadili nywila, na man 5 passwd inakueleza faili la /etc/passwd.

Kama hujui hata jina la amri, tafuta kwa kazi yake:

apropos -s 1 copy

Ikijibu "nothing appropriate" kwa kila neno, faharasa haijatengenezwa. Andika sudo mandb, kisha jaribu tena. Folda ya /usr/share/doc nayo ina maelezo na mifano ambayo wachache hukumbuka kuifungua. Mafaili yake yanayoishia na .gz yasome kwa zless.

Sasa nyenzo za intaneti. Kwanza ijue mashine yako: cat /etc/os-release. Mstari wa ID ni jina la distro, ID_LIKE unataja ukoo wake. Linux Mint, kwa mfano, inataja ubuntu na debian, hivyo masomo ya apt yatakufaa. Fedora hutumia dnf, openSUSE hutumia zypper, Arch hutumia pacman. Wiki ya Arch ni hazina kwa mtu wa distro yoyote, kwa kuwa inaeleza jinsi kitu kinavyofanya kazi. Amri zake za pacman tu ndizo za kubadilisha.

Kisha tazama tarehe. Mwaka 2015 ni mpaka mzuri wa kukumbuka: ndipo Debian 8 na Ubuntu 15.04 zilipohamia systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo), na Fedora 22 ikaacha yum na kuchukua dnf. Somo la kabla ya hapo kuhusu huduma za mfumo lisome kwa tahadhari. Likikuambia ifconfig, amri ya kuona anwani za mtandao, na kwako haipo, andika ip addr.

Kunakili na kubandika kuna mitego yake. Alama ya $ mwanzoni mwa mstari inaonyesha tu kwamba anayeandika ni mtumiaji wa kawaida. Ukiibandika utajibiwa "$: command not found". Alama ya # inaonyesha root, yaani msimamizi, na hii ni mbaya zaidi, kwa sababu bash huichukulia kuwa mwanzo wa maoni: hakuna kinachotendeka, wala hakuna kosa linaloonyeshwa. Maandishi kama <jina> yanataka ubadilishe yote, pamoja na mabano yake. Na kurasa nyingine hugeuza vistari viwili kuwa kimoja kirefu, au nukuu zilizonyooka kuwa za kupinda, na amri inakufa bila wewe kuona tofauti. Andika kwa mkono.

Ujumbe wa kosa usome kutoka kushoto:

cp: cannot stat 'barua.txt': No such file or directory

Anayesema ni cp, anazungumzia barua.txt, na sababu iko mwisho. Faili linaweza kuwa kwenye folda nyingine (hakikisha kwa pwd na ls), au jina lake ni Barua.txt, kwani Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Jina lenye nafasi, kama barua ya kazi.txt, bash hulikata vipande vitatu usipolifunga kwa nukuu.

Kosa likikushinda, litafute intaneti likiwa katika Kiingereza, maana ndivyo lilivyoandikwa na wengi waliokutangulia. Kama mfumo wako unajibu kwa lugha nyingine, tanguliza LC_ALL=C mbele ya amri, mfano LC_ALL=C cp barua.txt nakala.txt. Ndani ya nukuu za utafutaji weka sehemu isiyo na majina ya faili zako.